Balozi, Mjumbe wa Kitume, Mwakilishi Mkazi au Kaimu? Uwakilishi wa Baba Mtakatifu Hanoi na Taipei ukiwekwa bega kwa bega

Tarehe 31 Januari 2024 Askofu Mkuu Marek Zalewski, raia wa Poland ambaye miaka ya nyuma alikuwa Balozi wa Baba Mtakatifu nchini Zimbabwe, aliingia Hanoi kuanza kazi akiwa Mwakilishi Mkazi wa Baba Mtakatifu nchini Vietnam, wa kwanza kushika cheo hicho. Yeyote aliyetaka kuiandika habari hiyo kwa Kiswahili alilazimika kuchagua neno. Linalokuja mdomoni upesi ni "balozi", maana mtu anayetumwa na mkuu wa dola kwenda kuishi katika mji mkuu wa nchi nyingine tumezoea kumwita hivyo. Lakini Zalewski si balozi nchini Vietnam, na jambo hilo si la adabu ya itifaki peke yake, kwa kuwa Hanoi na Kiti Kitakatifu, yaani uongozi mkuu wa Kanisa Katoliki ulioko Roma, walilijadili kwa takriban miaka kumi na minne kabla ya kukubaliana. Kinachochekesha kidogo ni kwamba kuanzia Mei 2018 mtu huyohuyo alikuwa balozi kamili nchini Singapore na, papo hapo, mwakilishi asiye mkazi kwa Vietnam. Alikuwa akipanda ndege akiwa balozi na kushuka saa chache baadaye akiwa na cheo kingine kabisa.

Ulinganisho huu unamlenga mtu ambaye hana budi kuchagua. Anaweza kuwa mfasiri au mhariri wa habari za Kanisa anayetafuta jina sahihi la cheo, au mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa anayetafuta mfano wa kuuchambua na ambaye amesimama njia panda kati ya Vietnam na Taiwan. Mimi nimekuwa upande wa wahariri kwa muda mrefu, na nakiri kwamba niliwahi kupitisha neno "balozi" mahali palipostahili "mjumbe", nikidhani ni suala la mtindo wa uandishi tu. Tangu siku hiyo, kila jina jipya linapofika mezani, hujiuliza mambo matatu: hati zake zinapokelewa na nani, nyumba yake iko wapi, na jina la askofu mpya hupita mikononi mwa nani kabla halijatangazwa. Majibu ya maswali hayo hayalingani daima na uzito wa cheo, na hapo ndipo Hanoi na Taipei zinapotofautiana kwa namna ya kushangaza.

Cheo kamili na nyuso zake mbili

Balozi wa Baba Mtakatifu, ambaye wengine humwita nunsio, ametajwa katika ibara ya 14 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, akiwekwa daraja moja na mabalozi wa nchi nyingine, yaani wale wanaopelekwa kwa mkuu wa nchi. Huwasilisha hati za utambulisho Ikulu kama wanavyofanya mabalozi wa India au Norway, ofisi yake hulindwa na kinga za kidiplomasia, na ibara ya 16 ya mkataba huohuo inaziruhusu nchi zilizozoea kumtanguliza ziendelee na desturi yao. Ndiyo maana nchini Ufilipino yeye huwa Kiongozi wa Mabalozi hata akiwa amefika juzi, na balozi aliyekaa Manila miaka mingi husimama nyuma yake.

Uso wake wa pili unalitazama Kanisa la mahali, na kwa maoni yangu huo ndio wenye kazi nyingi zaidi. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 364, zinamtaka aimarishe umoja kati ya Roma na majimbo, na kanuni ya 377 inaeleza anavyoshughulikia uteuzi wa maaskofu: humwuliza Askofu Mkuu wa kanda, maaskofu wenzake na rais wa Baraza la Maaskofu, husikia baadhi ya mapadre washauri, kisha hupeleka Roma majina matatu pamoja na maoni yake mwenyewe. Wasomaji wa Tanzania, ambako uhusiano wa kidiplomasia na Kiti Kitakatifu ulianza mwaka 1968, wamemwona mara nyingi katika ibada za kumsimika askofu, hati ya uteuzi ikisomwa mbele ya waamini. Wachache hufikiria miezi ya barua za siri iliyotangulia usomaji huo.

Niseme kidogo kuhusu "Balozi wa Vatikano", jina lililoenea mno kwetu. Anayetuma mabalozi ni Kiti Kitakatifu, ambacho kilikuwa kikipeleka wajumbe karne nyingi kabla ya kuwapo Dola ya Mji wa Vatikano iliyoundwa mwaka 1929. Mimi huliacha neno "Vatikano" katika kichwa cha habari kwa sababu ni fupi, na ndani ya habari nikaandika "Kiti Kitakatifu". Vivyo hivyo hupenda "Baba Mtakatifu" kuliko "Papa", hasa ninapowaandikia watu wa pwani, ambao papa wanayemjua tangu utotoni huuzwa sokoni akiwa mkavu.

Mjumbe wa Kitume, na miaka hamsini ya Indochina

Kanuni ya 363 inawagawa wawakilishi wa Baba Mtakatifu katika makundi mawili: wanaotumwa kwa Kanisa la mahali peke yake, na wanaotumwa kwa Kanisa na kwa serikali pia. Wa kundi la kwanza ndiye Mjumbe wa Kitume. Hana hati za utambulisho, hahesabiwi miongoni mwa wanadiplomasia, na serikali ya nchi humchukulia, kisheria, kama kiongozi wa dini mgeni. Afrika Mashariki tulianza na cheo hicho: mwaka 1930 Askofu Mkuu Arthur Hinsley, Mwingereza, alipewa kazi ya Mjumbe wa Kitume kwa makoloni ya Uingereza barani Afrika, makao yake yakiwa Mombasa. Asingeweza kuwa balozi, maana hapakuwa na dola huru ya kumpokea. Barani Asia cheo hiki kingali hai, kwa mfano kwa Laos, ambayo Mjumbe wake anaishi Bangkok na huko Bangkok kwenyewe ni balozi kamili.

Vietnam nayo ilianzia hapo. Mwaka 1925, wakati wa utawala wa Ufaransa, iliundwa Ofisi ya Mjumbe wa Kitume kwa Indochina, yaani Vietnam, Laos na Kambodia, ikakaa Huế, mji wa wafalme, chini ya Askofu Mkuu Costantino Ayuti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ofisi ilihamia Hanoi chini ya Askofu Mkuu John Dooley wa Ireland. Mwaka 1954, baada ya mkutano wa Geneva kuigawa nchi, zaidi ya Wakatoliki nusu milioni waliihama kaskazini kuelekea kusini, wakiwamo mapadre wengi waliofuatana na parokia zao, lakini Dooley alibaki Hanoi chini ya serikali ya kikomunisti hadi mwaka 1959. Baada yake ofisi ya kaskazini ikafungwa, na wajumbe waliofuata wakafanyia kazi Saigon. Wa mwisho wao, Askofu Mkuu Henri Lemaître, alifukuzwa Desemba 1975, miezi michache baada ya Saigon kuanguka. Wakati huo Askofu Mkuu Mwandamizi wa mji ule, yaani mwenye haki ya kurithi kiti, François-Xavier Nguyễn Văn Thuận, alikuwa kifungoni tangu tarehe 15 Agosti; alikaa huko miaka kumi na mitatu, tisa kati yake akiwa peke yake chumbani.

Msomaji anaweza kusema kwamba Lemaître aliondolewa kirahisi kwa sababu hakuwa na kinga ya balozi. Ningekubali, kama isingekuwa habari ya Antonio Riberi. Huyu alikuwa na cheo cha kidiplomasia cha ngazi ya pili, mwakilishi kwa Jamhuri ya China tangu mwaka 1946, mwenye makao Nanjing. Serikali mpya ya Beijing haikuwahi kuzitambua hati alizozikabidhi kwa serikali iliyoitangulia, ile iliyokimbilia Taiwan, na mwaka 1951 ilimfukuza kama mgeni yeyote. Kinga ya kidiplomasia ina nguvu pale tu mwenyeji anapokubali kuwa wewe ni mwanadiplomasia. Kwa hiyo anayelinganisha vyeo kwa usalama vinavyoutoa atazame kwanza ni serikali ipi iliyoipokea hati, na kama serikali hiyo ingalipo.

Hanoi: ngazi moja moja

Baada ya 1975 Vietnam haikuwa na mwakilishi yeyote wa Baba Mtakatifu kwa miaka thelathini na mitano. Kilichokuwapo ni ziara. Kardinali Roger Etchegaray alikwenda mwaka 1989, na kuanzia miaka ya 1990 ujumbe wa Kiti Kitakatifu ukawa unafika karibu kila mwaka, ukibeba orodha ya majimbo yaliyokosa maaskofu. Kutokana na ziara hizo ulipatikana utaratibu unaotumika hadi leo: Roma hupendekeza jina, serikali huulizwa kama ina pingamizi, na Baba Mtakatifu ndiye anayeteua. Utaratibu huo ulizaliwa kabla hapajakuwa na mwakilishi hata wa jina, jambo ambalo mwanafunzi wa diplomasia hapaswi kulipita haraka, kwa sababu linaonyesha kwamba mazungumzo ya uteuzi wa maaskofu hayakuungoja ubalozi.

Ukitaka kuona jinsi suala la cheo linavyoweza kugeuka suala la uzio na lango, nenda mtaa wa Nhà Chung jijini Hanoi, jirani na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Katika namba 42 lilikuwapo jengo la enzi ya Wafaransa ambamo Mjumbe wa Kitume alifanyia kazi hadi mwaka 1959, na ambalo baadaye liliingia mikononi mwa serikali. Desemba 2007 waamini walianza kukusanyika nje ya uzio wake jioni, wakiwa na mishumaa na nyimbo, wakidai lirudishwe. Waliweka msalaba na sanamu ya Bikira Maria ndani ya bustani. Sala hizo ziliendelea kwa vipindi hadi tarehe 19 Septemba 2008, polisi walipolizunguka eneo na mashine zikaanza kazi, na katika muda wa majuma machache mahali pale pakawa bustani ya umma yenye maktaba. Aliyekuwa Askofu Mkuu wa Hanoi, Ngô Quang Kiệt, aliachia nafasi yake Mei 2010.

Cha ajabu ni kwamba mazungumzo ya ngazi ya juu hayakuvunjika. Waziri Mkuu Nguyễn Tấn Dũng alikuwa amekwisha kumtembelea Papa Benedikto wa Kumi na Sita Januari 2007. Kikundi kazi cha pamoja kilikutana kwa mara ya kwanza Hanoi Februari 2009, miezi mitano tu baada ya mashine kuingia Nhà Chung. Rais Nguyễn Minh Triết akafika kwa Baba Mtakatifu Desemba mwaka huohuo. Juni 2010 pande mbili zilikubaliana kuhusu mwakilishi asiye mkazi, na tarehe 13 Januari 2011 akateuliwa Askofu Mkuu Leopoldo Girelli, balozi nchini Singapore. Alikuwa akiingia na kutoka. Alifanya ziara za kichungaji majimboni, akaongea na maaskofu uso kwa uso, lakini kila safari ilikuwa ziara, na mgeni hupangiwa ratiba na mwenyeji.

Hatua iliyofuata ilichukua miaka kumi na miwili. Tarehe 27 Julai 2023 Rais Võ Văn Thưởng alipofika Vatikano, yalitangazwa makubaliano kuhusu hadhi ya Mwakilishi Mkazi na ya ofisi yake. Tamko la pamoja lilimtaka awe daraja la kuendeleza uhusiano wa pande mbili na awasaidie Wakatoliki wa Vietnam kuishi imani yao kwa kuheshimu sheria za nchi, wakiwa Wakatoliki wema na raia wema. Uteuzi wa Zalewski ulitoka tarehe 23 Desemba 2023. Miezi minane baada ya tamko la Julai, Rais Thưởng alijiuzulu. Tarehe 21 Aprili 2025 Papa Fransisko, aliyemteua Zalewski, alifariki dunia. Ofisi haikutikisika kwa lolote kati ya hayo mawili. Upande wa Kanisa hilo linatokana na kanuni ya 367, inayosema kwamba kazi ya mwakilishi haikomi kwa sababu tu Kiti cha Petro kiko wazi. Upande wa serikali linatokana na ukweli kwamba makubaliano hayakuwa ya mtu mmoja.

Cheo cha "Mwakilishi Mkazi" kwetu si kigeni, maana Benki ya Dunia na mashirika ya Umoja wa Mataifa yana wawakilishi wakazi Dar es Salaam na Nairobi, na kila mtu anaelewa kuwa hao si mabalozi ingawa magari yao yana namba za kidiplomasia. Mfano huo unasaidia, ila usivutwe sana: mwakilishi wa benki hana waamini karibu milioni saba wala majimbo ishirini na saba yanayomtazama.

Taipei: ubalozi usio na balozi

Sasa vuka bahari hadi Taipei. Hapo ubalozi upo, tena kamili. Riberi alipofukuzwa bara alipitia Hong Kong, na makao ya uwakilishi yakahamia Taipei mwaka 1952. Mwaka 1966 yakapandishwa kuwa ubalozi wa daraja la juu. Jina lake rasmi hadi leo ni Ubalozi wa Kitume nchini China, si nchini Taiwan. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipa Beijing kiti cha China, na mwaka uliofuata balozi Edward Cassidy akaondolewa Taipei. Tangu hapo kazi imeongozwa na kaimu, ambaye kwa utaratibu wa Vienna hupelekwa kwa Waziri wa Mambo ya Nje, si kwa mkuu wa nchi.

Kuna alama ndogo inayoonyesha mpango huu ulivyokusudiwa. Kaimu wa Taipei huwa monsinyori, yaani padre mwenye cheo cha heshima, si askofu mkuu, na anapopandishwa cheo anahama. Paul Russell alipata uaskofu mkuu mwaka 2016 alipotumwa kuwa balozi nchini Uturuki; Arnaldo Catalan wa Ufilipino aliupata mwaka 2022 alipotumwa Rwanda. Anayemwona Askofu Mkuu Catalan Kigali leo anamwona mtu aliyekuwa akiongoza ubalozi bila kuwa balozi, na Kigali ndiko alikokuwa balozi kwa mara ya kwanza.

Upande wa pili wa uhusiano huo hauna upungufu kama huu. Jamhuri ya China, jina rasmi la Taiwan, ina ubalozi wake kwa Kiti Kitakatifu katika barabara ya Via della Conciliazione, ile inayoelekea moja kwa moja Uwanja wa Mtakatifu Petro, na unaongozwa na balozi mwenye hati kamili. Taiwan inatuma balozi na kupokea kaimu; imevumilia kutolingana huko kwa zaidi ya nusu karne, kwa sababu hakuna dola nyingine barani Ulaya yenye uhusiano rasmi nayo.

Na China bara? Huko hakuna mwakilishi wa aina yoyote aliyetajwa hapa. Kilichopo ni Makubaliano ya Muda ya tarehe 22 Septemba 2018 kuhusu uteuzi wa maaskofu, yaliyoongezwa muda mwaka 2020, 2022, na tena Oktoba 2024 kwa miaka minne. Beijing imeanza na maaskofu bila mwakilishi. Hanoi pia ilianza hivyo, kisha ikaongeza mwakilishi. Wanaotabiri kwamba njia ni moja huenda wakakosea, kwani Vietnam haina Taipei yake, yaani serikali ya pili yenye jina la nchi ileile.

Ukiziweka mezani pamoja

Kwa kipimo cha hati, Taipei iko juu. Ubalozi wake unatambuliwa na mkataba wa kimataifa kwa jina na daraja, na kaimu ni mwanadiplomasia asiye na utata. Hanoi inategemea makubaliano maalumu ya pande mbili, na hadhi ya Mwakilishi Mkazi ni ile tu iliyoandikwa humo.

Kwa kipimo cha uzito wa mtu, Hanoi inashinda. Aliyetumwa ni askofu mkuu, mwenye uzoefu wa ubalozi katika nchi mbili, na alitumwa ili akae. Taipei hupelekewa mtu wa ngazi ya chini kwa makusudi, na jirani mkubwa ng'ambo ya mlango wa bahari anaelewa ujumbe huo bila kuambiwa.

Kwa kipimo cha maaskofu mambo yanageuka tena. Taiwan, ambako Wakatoliki ni takriban asilimia moja ya watu, serikali haiulizwi kuhusu jina la askofu. Kaimu anaweza kukusanya maoni na kuyapeleka Roma kama inavyofanyika Dodoma au Kisumu. Vietnam, yenye mwakilishi mzito zaidi, jina bado hupita serikalini. Aliyedhani kwamba uwakilishi ukikua uhuru wa Kanisa nao hukua kwa kiasi kilekile, hapa atapata taabu kulishikilia wazo hilo. Mimi nafikiri sababu iko wazi: serikali ya Vietnam inajali sana mwakilishi ana cheo gani kwa kuwa waamini ni raia wake, ni wengi, na wana kumbukumbu ndefu. Tazama Oman, nchi ya Asia iliyo karibu zaidi na historia ya Waswahili. Tarehe 23 Februari 2023 ilitangaza uhusiano kamili wa kidiplomasia na Kiti Kitakatifu kwa mkupuo mmoja, bila ngazi ya mwakilishi asiye mkazi wala mkazi. Wakatoliki wake kwa sehemu kubwa ni wageni waliokwenda kufanya kazi, na kumpokea balozi wao hakukugusa swali la nani anawaongoza raia.

Lipi uchague

Kwa mhariri, ushauri wangu ni huu. Kuhusu Hanoi andika "Mwakilishi Mkazi wa Baba Mtakatifu nchini Vietnam" kwa ukamilifu mara ya kwanza, kisha "Mwakilishi" peke yake; mahali pake pa kazi paite "ofisi", usipaite "ubalozi". Kwa miaka ya 2011 hadi 2023 neno "asiye mkazi" lisikosekane, maana ndilo lililobeba habari yote. Kwa miaka ya 1925 hadi 1975 tumia "Mjumbe wa Kitume", na ukikutana na maandishi yanayomwita Dooley au Lemaître balozi, sahihisha. Kuhusu Taipei "Kaimu Balozi" linafaa ingawa lina kasoro, kwa kuwa msomaji wetu akisikia "kaimu" hudhani mwenyewe yuko likizo; ongeza sentensi moja ya kueleza kwamba kiti hicho hakijakaliwa na balozi tangu 1972. Ikiwa unaandika barua au tangazo na cheo cha kidiplomasia kinakutatiza, heshima ya kikanisa haikosei: Zalewski ni Mhashamu Askofu Mkuu popote aendapo, na mkuu wa ofisi ya Taipei ni Monsinyori.

Kwa mwanafunzi, ningechagua Vietnam. Taiwan ni mfano mzuri wa utambuzi wa dola, lakini ukishaeleza mwaka 1971 na 1972 unabaki kueleza kwa nini hakuna kilichobadilika, na sura nzima juu ya kutobadilika huchosha mwandishi na msimamizi wake. Vietnam ina tarehe, ina matamko ya pamoja yanayosomeka, ina ngazi zinazohesabika, na ina mtaa wa Nhà Chung wa kuzuia uchambuzi usielee hewani. Anayevutiwa zaidi na sheria kuliko historia anaweza kuichukua Taiwan kwa sura moja, kama kioo: pale mkataba wa Vienna unatekelezwa kwa ukamilifu na kiti kiko wazi, Hanoi mkataba haujaguswa na mtu yupo.

Jambo moja la kukagua kila habari mpya inapoingia kutoka Hanoi ni kitenzi chake. Mwakilishi Mkazi "huanza kazi", "hupokewa" na "hukutana" na viongozi. "Kuwasilisha hati za utambulisho" kwa Rais wa nchi ni kitenzi cha balozi. Kikitokea siku moja katika taarifa rasmi ya pande zote mbili, ndipo neno "balozi" liandikwe, na hapo kichwa cha habari kitastahili herufi kubwa.